Atakayebaki atabaki na nani? Hesabu ya kustaafia Kate, Ufipa

Swali lilikuja usiku, mwezi Juni mwaka jana, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba yangu kijijini Kate, wilayani Nkasi. Nje, upepo wa kiangazi ulikuwa ukitikisa bati. Tulikuwa tumejifunika blanketi mbili, na bado miguu ya mke wangu ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni. Yeye ni Mbondei wa Muheza, mtoto wa michungwa na minazi, na hajazoea kuona mvuke ukimtoka kinywani anapozungumza. Nikajua atalalamikia baridi. Akaniuliza jambo jingine kabisa.

"Mzee mwenzangu, wewe ukitangulia, mimi nitabaki hapa Kate kama nani?"

Nilinyamaza. Nina miaka 57, na mitatu ijayo nitafikisha 60, umri wa lazima wa kustaafu utumishi wa umma. Kwa muda mrefu nilikuwa nimepiga hesabu za kurudi Ufipa: mafao, bati, ekari, nauli, mbolea. Nilikuwa nazo kwenye daftari, kurasa nyingi. Hesabu ya mke wangu haikuwamo.

Tangu usiku ule nimezungumza na wastaafu wengi, wa Dar es Salaam na wa nyanda za juu, na nimegundua kuwa wengi wetu tunakosea mahali pamoja. Tunachagua pa kuzeekea kwa bei ya kiwanja na utulivu wa hewa. Vyote viwili ni vya maana, na nitavieleza hapa kwa kirefu. Lakini vinapaswa kuja nyuma ya swali la mke wangu.

Kwa nini Ufipa

Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mkoa mzima wa Rukwa ulikuwa na watu milioni 1.54. Tofauti hiyo unaiona kwa macho mara basi linapoiacha Tunduma na kushika njia ya Laela. Foleni zinabaki nyuma, na mbele unaona mashamba yaliyolala wazi hadi upeo wa macho, ng'ombe wa kulimia wakirudi nyumbani na vilima vya majani ya kahawia.

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga uko juu zaidi yake kwa karibu mita 1,000. Ndiyo maana huku juu kuna baridi na mbu ni wachache kuliko kule mwambao wa ziwa na bondeni Rukwa. Tangu miaka ya 1980 mkoa huu umetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la mahindi la taifa. Ardhi hii hutoa pia maharage, ulezi, alizeti na ngano. Migebuka na dagaa hupanda kutoka Kirando, Kipili na Wampembe.

Zamani, mtumishi aliyepangiwa Rukwa alipewa pole. Huu ulikuwa mkoa wa pembezoni, na masika ilipopamba moto basi lililala njiani, abiria wakashuka kulisukuma kwenye tope. Hali ilibadilika kwa lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa chini ya mkataba wa msaada ambao Tanzania na Marekani walitiliana saini mwaka 2008. Leo mtu anaweza kutoka Mbeya asubuhi akala chakula cha mchana Sumbawanga. Vijijini, ikiwamo njia ya kwetu, vumbi la kiangazi na tope la masika bado vipo. Mwenye kuhamia huku aviweke kwenye hesabu.

Hesabu ya mafao

Tuseme ukweli wa fedha, maana wengi wanastaafu bila kuujua. Kikokotoo kinachotumika tangu Julai 1, 2022 kinachukua idadi ya miezi uliyochangia, kinaigawa kwa 580, kisha kinaizidisha kwa wastani wa mshahara wako bora wa mwaka. Jibu lake ndilo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hugeuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, na inayobaki hulipwa kila mwezi hadi mwisho wa uhai. Mkupuo ulianza na asilimia 33. Baada ya malalamiko mengi ya wafanyakazi, bajeti ya 2024/25 iliupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakipata robo.

Chukua mtumishi aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wake wa mshahara ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Pensheni yake kamili ni kama shilingi milioni 7.45 kwa mwaka. Akipewa mkupuo wa asilimia 40, anaondoka na shilingi milioni 37 na ushei, kisha analipwa kama shilingi 372,000 kila mwezi. Kwa asilimia 33, mkupuo unashuka hadi milioni 30 na ushei, na pensheni ya mwezi inapanda hadi kama 416,000. Kinachoongezwa kwenye mkupuo kinapunguzwa kwenye mwezi. Fedha ni zile zile.

Sasa ziweke hizo 372,000 katika nyumba ya kupanga jijini. Maji unanunua, mkaa au gesi unanunua, mchicha unanunua, nauli ya daladala ni kila siku. Hazifiki mwisho wa mwezi. Ziweke Kate. Unga ni wa mahindi yako, maharage ni yako, kuku wanazurura uani, mboga ziko nyuma ya nyumba. Unachonunua ni chumvi, mafuta ya taa au vocha ya umeme, sabuni, sukari na vocha ya simu. Huku fedha yako ndogo inatosha kwa sababu vitu vingi hununui, wala si kwa sababu bei za dukani ni nafuu.

Hili nalisisitiza kwa sababu wengi huja wakidhani kijijini kila kitu ni rahisi. Bidhaa za kiwandani huku ni ghali kuliko jijini. Bati, nondo na rangi vimesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na saruji inatoka mbali pia, hata ile inayotengenezwa Mbeya. Matofali ya kuchoma ndiyo yanayopatikana hapa hapa. Mwenye busara hujenga kidogo kidogo akiwa bado kazini, matofali mwaka huu, bati mwaka ujao, ili mkupuo usimezwe na saruji. Wapo walioweka mkupuo wote kwenye nyumba ya vyumba sita, watoto hawakuja kulala humo, na wazee wakabaki wanazunguka na ufagio kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Mwingine atasema: nitalima mahindi niuze. Lima, lakini usiitegemee bei. Msimu ukiwa mzuri kwako ni mzuri kwa kila mtu, gunia linajaa kila nyumba na bei inaanguka. Tulioona mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kwenda nje ya nchi, hatujasahau magunia yaliyokosa mnunuzi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua, ila foleni ya wauzaji ni ndefu. Mzee alime kwanza cha kula, ziada aiite bahati.

Mwili unapodai

Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi kijijini kwake Butiama, akalima, akapanda miti, akaishi na watu wake. Kwa mfanyakazi wa kizazi changu, hiyo ndiyo picha ya kustaafu vizuri. Lakini Oktoba 14, 1999 alifariki katika hospitali ya St Thomas, London. Hata Butiama, pamoja na mapenzi yake yote, haikuweza kumpa daktari aliyemhitaji.

Ukichagua mahali patulivu, pima umbali wa hospitali kabla ya kupima kiwanja. Wilaya ya Nkasi ina hospitali Namanyere, na Sumbawanga kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ugonjwa ukizidi uwezo wao, rufaa inakwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu linalotulia kwa vidonge, huo si umbali wa kutisha. Kwa anayesafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, kijiji kama Kate hakifai, na hakuna aibu kusema hivyo. Huyo abaki karibu na mashine.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Ni ahadi njema, na mahali pengi dirisha la wazee lipo. Lakini dirisha bila dawa nyuma yake halimtibu mtu, na kila mzee wa kijijini amewahi kuandikiwa dawa akaambiwa akanunue duka la nje. Anayestaafu na bima ya afya aishike kwa mikono miwili, ahakikishe mwenza wake ameandikwa humo, na aulize kituo cha karibu kinapokea bima ipi kabla ya kuhama.

Jambo moja limerahisika. Zamani mstaafu alisafiri kwenda kuhakikiwa ili aendelee kulipwa, na wengine walitumia nauli iliyokaribia pensheni yenyewe. Siku hizi uhakiki unaweza kufanyika kwa simu, na fedha huingia benki au hutolewa kwa wakala wa karibu. Asiye na simu janja anamwomba mjukuu.

Mzee wa kazi

Ufipa ina sababu nyingine ya kumfaa mzee, isiyoonekana kwenye kikokotoo. Mtafiti Kathleen Smythe, aliyeandika kitabu juu ya familia za Kifipa za Nkansi kati ya 1880 na 1960, ameeleza jinsi watoto walivyokuwa wakikulia kwa babu na bibi baada ya kuachishwa ziwa. Huko ndiko walikofundishwa adabu, hadithi, kazi na namna ya kuishi na wenzao. Mzee hakuwa mtu wa kupewa kiti tu. Alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kulea watu.

Sitasema mambo bado ni yale yale. Vijana wengi wako Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam, na wajukuu wako shule za bweni. Lakini mzizi haujakauka. Ukipita kijijini kwetu, mtoto anainamisha mwili kidogo, anapiga makofi taratibu na kukuamkia, hata kama hakujui. Parokia ya Kate, misheni ya zamani ya Mapadre Weupe, ina jumuiya ndogondogo ambazo mtu akikosa kuonekana Jumapili moja, Jumatatu watu wako mlangoni. Kamati ya shule inamtafuta mwenye kujua kusoma mahesabu. Kikundi cha kina mama cha kuweka akiba na kukopeshana kinahitaji katibu. Mstaafu aliyezoea kuamka saa 11 alfajiri kwa miaka 35 hawezi kuishi kwa kukaa barazani. Anahitaji mahali ambapo asipofika, ataulizwa.

Nasoma juu ya Waingereza wanaohamia pwani ya Hispania na Wafaransa wanaohamia Morocco, wakifuata jua na bei nafuu. Nawatakia heri. Wengi wao wanakwenda kuwa wageni katika nchi ya watu, na mgeni hata akilipa kila kitu bado ni mgeni. Sisi tunaorudi kijijini tunadhani hilo halituhusu. Mke wangu alinikumbusha kuwa linatuhusu. Mimi narudi nyumbani, yeye anahama.

Jina lake kwenye karatasi

Turudi kwenye swali lake. Mwanamke anamfuata mumewe ukweni wakiwa wote wazee. Ukoo ni wa mume, lugha ya nyumbani ni ya mume, shamba limesemwa kwa mdomo kuwa ni la baba wa mume. Mume anafariki. Arobaini haijaisha, shemeji wanaanza kuuliza nani atalima ekari ile ya bondeni.

Kuna hofu nyingine, nayo ni lazima tuitaje. Watu wakisikia Sumbawanga hutania uchawi, ingawa jina lenyewe kwa Kifipa linasema kinyume, tupa uchawi. Utani huo si wa kuchekwa unapojua kuwa katika mikoa kadhaa ya nchi hii bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni wa miaka 50. Anayekuwa hatarini mapema ni yule asiye na watu, mjane, mgeni, mpweke. Kinachomlinda bibi kwanza ni majirani wanaomjua kwa jina.

Kwa hiyo nilikwenda ofisi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na inaruhusu mume na mke kumiliki pamoja kwa hatimiliki ya kimila. Ombi hupita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wote. Nilipenda hilo la mbele ya watu wote. Karatasi ya kabatini inaweza kupotea, lakini watu waliosikia jina la mke wangu likisomwa mkutanoni hawataweza kusema hawakulisikia.

Niliwaita ndugu zangu kabla ya kupeleka ombi. Baba mdogo, mzee wa miaka zaidi ya 80, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umeoa, hukuazima." Kikao kikaisha hapo. Si kila kikao cha ukoo kinakwisha hivyo, najua. Ndiyo maana kikao hicho kifanyike mume akiwa hai na mwenye sauti.

Tuta halifukiwi siku ya kupanda

Wafipa wana kilimo chao cha asili ambacho wataalamu wa udongo wamekisifu tangu enzi za wakoloni. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi bado mbichi, mkulima huzikata na kuzifukia kwa udongo, akafanya matuta ya mviringo tunayoyaita intumba. Juu yake hupandwa maharage. Ndani, nyasi zinaoza polepole. Novemba mvua zikirudi, tuta husambazwa, na ulezi au mahindi hupandwa kwenye udongo uliokwisha kuiva. Aliyechelewa kufukia nyasi hawezi kuja kuomba rutuba siku ya kupanda.

Kustaafu kunataka tuta lake. Miaka kumi kabla, funga safari za likizo uende mahali unapofikiria, na usiende Desemba tu wakati kila mtu yupo na pilau linapikwa. Nenda Februari barabara inapoteleza. Nenda Julai usiku wa baridi. Ugua malaria au mafua ukiwa huko uone unapelekwa wapi. Lima ekari moja kwa mikono yako uone mgongo unasema nini. Kaa miezi mitatu mfululizo kabla ya kuuza chochote cha mjini. Na usiende peke yako ukarudi kumwambia mwenzako kuwa mmehamia. Muache aende mwenyewe, akae bila wewe, kwa sababu siku moja atakaa bila wewe.

Hilo la mwisho ndilo tulilofanya. Machi mwaka huu mke wangu alipanda basi peke yake kwenda Kate, zaidi ya kilomita 1,100, akiwa na blanketi zito, soksi za sufu na viatu vya mvua. Alikaa wiki tano kwa shangazi yangu. Sikumpigia simu kila siku, ingawa mkono uliniwasha. Shangazi hajui Kiswahili kingi cha mjini na mke wangu hajui Kifipa, lakini jembe halina tafsiri. Walilima intumba 40 nyuma ya nyumba na kupanda maharage juu yake. Kwenye jumuiya walimpa zamu ya kusoma, na kikundi cha kina mama kikamwandika mwanachama. Alikohoa wiki moja nzima kwa baridi, akapelekwa zahanati kwa bodaboda, akapona.

Aliporudi, begi lilikuwa jepesi. Nilipofungua sikuona blanketi wala viatu vya mvua. Nikamuuliza kama ameibiwa.

"Nimeviacha," alisema. "Nani hubeba vitu vyake kwenda na kurudi?"

Bado hajasema atahamia. Swali lake la Juni bado tunalo mezani, na kuna mengine nyuma yake: watoto watakuja mara ngapi, nani atatupeleka Mbeya usiku, tutazikwa wapi. Tunayapitia moja moja, maana miaka mitatu si mingi. Lakini juzi jioni shangazi alipiga simu kutoka Kate kusema maharage yamekomaa na yanataka kung'olewa kabla panya hawajayavamia. Simu iliyolia ilikuwa ya mke wangu. Walizungumza kwa muda mrefu, kwa lugha mbili zilizochanganyika, na mimi nilikaa pembeni nikisubiri nipewe niwasalimie.